Kushuka kusini kwa njia ya maji ya ndani: Norfolk hadi Beaufort

Jumatatu, Norfolk

Maili sifuri ni boya jekundu namba 36 katika Mto Elizabeth, mkabala na hospitali ya jeshi la majini. Kuanzia hapa maili zinahesabiwa kwenda kusini hadi Key West, 1,243, nazo ni maili za barabarani, si za baharini, kwa hiyo anayepiga hesabu za safari lazima akumbuke hilo. Njia yenyewe inaitwa Intracoastal Waterway: mito, hori, ghuba na mifereji iliyounganishwa nyuma ya visiwa vya mchanga, ili chombo kishuke pwani ya mashariki ya Marekani bila kupigwa na Atlantiki. Nje kule iko Cape Hatteras, na mabaharia wa kila kizazi wameiogopa.

Mashua ni ya shemeji. Ni ya tanga, ina mashine ya dizeli, mkuku wake unashuka futi 4 na nusu majini na mlingoti unafika futi 48 juu. Namba hizo mbili ndizo zinazoamua mambo yote. Madaraja yasiyofunguka yamejengwa kwa kiwango cha futi 65, hayo hayatutishi. Kina kilichowekwa na serikali ni futi 12, lakini mchanga unarudi kila mwaka na kuna mahali hukuti hata 7.

Shemeji ni mzaliwa wa kisiwa cha St. Helena, jirani na Beaufort ya Carolina Kusini. Aliwahi kufundisha Tanga, ndiko alikompata dada yangu, na Kiswahili chake mpaka leo ni cha Tanga. Anaipeleka mashua kwao ikakae majira ya baridi. Dada hakupata likizo, nikaingia mimi. Vyombo vingi vinashuka wakati huu. Msimu wa vimbunga unaisha rasmi tarehe 30 Novemba, lakini baridi haisubiri tarehe, na asubuhi hii mvuke ulikuwa ukitoka mtoni na kamba zote zimelowa umande wa barafu.

Tumepita manowari zilizofungwa gatini moja baada ya nyingine. Norfolk ndiyo kambi kubwa kuliko zote za jeshi la majini duniani, na kuipita kwa mashua ndogo kunachukua muda mrefu.

Baada ya maili 7 njia inagawanyika. Kushoto ni mfereji wa mwaka 1859, mpana, ndio unaotumiwa na mabaji ya mizigo na vyombo vingi. Kuume ni Dismal Swamp, mfereji wa kinamasini, mwembamba, kina futi 6 tu. Shemeji aligeuza usukani kuume bila kuniuliza, na nilijua kwa nini.

Jumatatu usiku, ndani ya mfereji

Lango la Deep Creek linafunguliwa mara nne kwa siku: saa mbili unusu, saa tano, saa saba unusu na saa tisa unusu. Tuliwahi la saa tano. Ukishaingia, milango inafungwa nyuma yako, unashika kamba ya omo na ya tezi, na maji yanaingia kwa mbele. Mashua inapanda futi 8 hivi. Kadiri unavyopanda kamba inalegea, nawe unaivuta bila kupumzika, la sivyo omo inaondoka ukutani na chombo kinakaa mshazari. Juu kabisa, milango ya mbele ikafunguka, na mfereji ukaonekana umenyooka mpaka macho yanachoka.

Maji yake ni ya hudhurungi iliyokolea. Rangi inatoka kwenye maganda ya miti ya kinamasi, na asidi yake inazuia maji kuoza. Zamani majahazi ya safari ndefu yalijaza mapipa yao hapa. Miti imeinama pande zote mbili, miti ya mepo nyekundu, misipresi imegeuka rangi ya kutu, na majani yanaanguka juu ya sitaha kwa mfululizo kiasi kwamba niliyafagia mara mbili kabla ya jioni. Mlingoti ulipogusa tawi, shemeji alipunguza mwendo.

Hapa lazima niseme wazi. Maili 22 za mfereji huu zilichimbwa kwa mikono kati ya 1793 na 1805, na waliochimba walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Moses Grandy, mtumwa wa Kaunti ya Camden hapa hapa, aliueleza uchimbaji huo katika simulizi ya maisha yake iliyochapishwa London mwaka 1843: watu kusimama ndani ya tope mpaka kiunoni na zaidi, wakikata mizizi na kutoa udongo. Grandy mwenyewe alikuwa nahodha wa mashua za mizigo katika mfereji huu, kati ya Elizabeth City na Norfolk. Alijinunua uhuru wake mara tatu. Mara ya kwanza alilipa dola 600, bwana akazipokea na kumuuza kwa mwingine. Mara ya pili 600 tena, yakawa yale yale. Mara ya tatu alipata mtu mwaminifu aliyemnunua kwa dola 650, akamrudishia pesa zote, akawa huru.

Fikiria mtu huyo anapita hapa na mzigo wa mbao, kila safari akiweka akiba sehemu ya ujira, na pesa hizo mara mbili zinaliwa.

Na nyuma ya miti hii, ndani kabisa ya kinamasi, kulikuwa na watoro waliojenga vijiji juu ya vipande vya nchi kavu, wengine wakaishi humo miaka mingi bila bwana kuwafikia. Wanaakiolojia wamechimbua mabaki yao. Kwa hiyo mfereji ulioletwa kwa ajili ya biashara ulipita pembeni mwa makimbilio ya watu huru, na wapo waliofanya kazi upande mmoja wakiwa na ndugu upande wa pili. Shemeji alizima mashine tulipofunga kamba, akasema, "Shemeji, kila mwaka napita huku kwa ajili yao. Ule mfereji mwingine una nafasi, lakini huku ndiko ninakowasalimia."

Jumanne na Jumatano, Elizabeth City

Tumeshuka lango la South Mills asubuhi, tukatoka kwenye Mto Pasquotank, ambao ni mzuri sana, umejipinda-pinda na misipresi imesimama ndani ya maji yenyewe. Elizabeth City wana gati la bure kwa wasafiri, na tangu 1983 wenyeji wana desturi ya kuwapa wageni mawaridi wanapofika. Mama mmoja alitupokea kamba zetu kabla hatujaomba.

Jumatano hatukuondoka. Mbele yetu iko ghuba ya Albemarle, na upepo wa kaskazini ulikuwa mkali. Watu wa pwani ya kwetu, tuliozoea kuangalia mwezi ili kujua maji, tunapaswa kujifunza upya hapa. Ghuba za Carolina Kaskazini ziko mbali na milango ya bahari, kwa hiyo kujaa na kupwa kwa mwezi karibu hakuna. Maji yanaendeshwa na upepo. Ukivuma kaskazini siku mbili, maji yanasukumwa upande wa kusini na gati la kaskazini linabaki na tope, ukigeuka, yanarudi. Na kwa kuwa ghuba ni pana na kina chake sehemu kubwa hakifiki futi 20, mawimbi yake ni mafupi, yamesimama, yanafuatana bila nafasi, na yanachosha chombo kuliko mawimbi makubwa ya bahari kuu. Tulikaa, tukapika wali na maharage ya nazi ya kopo, tukalala mapema.

Alhamisi

Upepo umetulia, tukavuka Albemarle kwa tanga peke yake. Mashine ilizimwa, na kwa mara ya kwanza tulisikia chombo kikisema. Daraja la kuzunguka la Mto Alligator linaitwa redioni kwa chaneli 13. Mlinzi anasimamisha magari, kipande cha kati kinageuka polepole, unapita, unamshukuru, anakutakia safari njema. Upepo ukizidi noti 34, yaani maili 34 za baharini kwa saa, halifunguliwi, na hapo huna la kufanya ila kutia nanga na kungoja. Nanga tumetia mtoni, gizani, hakuna taa hata moja ya nyumba.

Ijumaa

Mfereji mwingine, wa maili 21 hivi, umenyooka kati ya Mto Alligator na Mto Pungo. Pembeni kuna visiki, katikati kuna kina. Jioni, Belhaven. Bata maji wakubwa weupe wa kaskazini wameanza kushuka. Walipita juu yetu kwa makundi wakipiga kelele.

Jumapili, Beaufort ya Carolina Kaskazini

Jana tulivuka Mto Pamlico na Mto Neuse, tukapita mji wa Oriental bila kusimama. Katika Adams Creek mkizi walikuwa wakiruka kila upande; huu ndio msimu wao wa kuteremka baharini. Mmoja aligonga ubavu wa mashua. Shemeji akacheka, "Hasira za mkizi." Nikamalizia, "Furaha ya mvuvi." Hakuingia ndani, lakini tulimsubiri.

Saa zimerudishwa nyuma usiku wa kuamkia leo, sasa jua linazama saa kumi na moja na kitu. Kwa safari hii ni jambo kubwa. Hakuna anayependa kutafuta mahali pa kutia nanga gizani, kwa hiyo saa za mwendo zimepungua na kila asubuhi tutaondoka kabla jua halijachomoza.

Hapa maji ya chumvi yamerudi, na kujaa na kupwa kumerudi nayo. Ng'ambo ya gati, kwenye visiwa vya mchanga, kuna farasi wa mwituni. Tumewaona watatu wakila majani kwenye maji ya magotini. Katika jumba la makumbusho ya bahari kuna vitu vilivyopandishwa kutoka meli ya haramia Blackbeard, iliyokwama mlangoni hapa mwaka 1718 na kuonekana tena 1996. Watoto wanakuja kutazama mizinga. Mimi nilisimama kwenye maelezo ya upande: kabla haijatekwa, meli ile ilikuwa ya Wafaransa, jina lake La Concorde, na kazi yake ilikuwa kubeba watumwa kutoka Afrika. Maelezo hayo yangestahili ukuta mzima.

Jumatatu hadi Jumatano

Siku za kazi. Ghuba ya Bogue ni pana kwa macho lakini njia ni uzi mwembamba. Ukishuka kusini, alama nyekundu unaziweka mkono wa kuume na za kijani kushoto, na ili usichanganye na alama za mito inayokatiza, za njia hii zina kipande kidogo cha njano: pembetatu kwenye zile za kuume, mraba kwenye za kushoto. Ninaomba kila anayefikiria kuja huku aichukue kanuni hiyo kama sala, maana penye mlango wa bahari alama za njia mbili zinakutana na macho yanadanganyika.

Camp Lejeune, kambi ya wanamaji, walikuwa wakipiga risasi za kweli kuvuka njia. Mashua ya ulinzi ilituzuia pamoja na wengine, tukazunguka-zunguka mpaka waliporuhusu. Halafu madaraja ya kufunguka kwa saa maalumu mpaka Wrightsville Beach: ukichelewa dakika tano unasubiri karibu saa nzima ukipigana na mkondo.

Alhamisi, kuvuka mpaka

Mto Cape Fear tuliuteremka na maji yakipwa, mkondo ukatubeba vizuri hadi Southport. Kusini ya hapo iko milango ya Lockwoods Folly na Shallotte, na kila dhoruba inahamisha mafungu ya mchanga. Jeshi la wahandisi, ndilo lenye dhamana ya njia hii, linapima kina na kuchimba, na maboya yanahamishwa, kwa hiyo ramani ya mwaka jana ni hatari. Tulipanga kupita maji yakiwa nusu na yanajaa, ili tukigusa tuinuliwe. Mbele yetu mashua ya mlingoti mmoja ilikuwa imepwelewa, imelala ubavu, watu wamekaa juu yake wakinywa chai. Tuliwaita redioni kama wanahitaji kitu. Walisema wanangoja maji tu.

Baada ya Little River tukaingia pale panapoitwa Rundo la Mawe, jirani na Myrtle Beach. Hapa mfereji ulipasuliwa kwenye mwamba, na kingo za mwamba zimeachwa pande zote, nyingine zinajificha maji yakijaa. Kabla ya kuingia unatangaza redioni ili usikutane na baji ndani, kwa sababu hakuna pa kupishana. Shemeji alishika usukani mwenyewe na sikuzungumza naye mpaka tulipotoka. Kipande hiki cha Carolina Kusini ndicho kilikuwa cha mwisho kukamilika, mwaka 1936.

Ijumaa na Jumamosi, Mto Waccamaw

Nimeona mito mingi, na huu nauweka juu. Maji meusi tena, mapana, yenye kina kizuri kutoka ukingo hadi ukingo. Misipresi inaning'iniza nyuzi za kijivu mpaka zinagusa maji. Tulitia nanga kwenye hori la pembeni; alfajiri ukungu ulilala juu ya maji na vilele vya miti tu vikaonekana.

Ukungu ulipoondoka niliona matuta. Ni marefu, yamenyooka, yameota vichaka, na kati yake kuna matete mapana. Yalikuwa mashamba ya mpunga. Huku mto ni wa maji matamu, lakini bahari ikijaa inausukuma urudi juu, na waliolima walitumia msukumo huo: milango ya mbao ndani ya tuta ilifunguliwa maji yakijaa, shamba likafurika, ikafungwa, ukitaka kukausha unafungua wakati wa kupwa. Anayejua wakulima wa mpunga wa delta ya Rufiji, wanaolima kwa maji matamu yanayosukumwa na bahari, ataielewa kazi hii mara moja. Kwenye miaka ya 1840 wilaya hii ya Georgetown ilitoa karibu nusu ya mpunga wote wa Marekani. Matuta yalijengwa na watumwa, wengi wao kutoka pwani ya Afrika Magharibi ambako mpunga ulilimwa tangu zamani, na ujuzi wao ulikuwa sehemu ya sababu ya kuletwa hapa. Mabwana walitajirika, na wakati wa joto waliyakimbia mashamba kwa kuogopa malaria. Waliobaki ndani ya maji ni wale wale.

Karibu na mlango wa mbao uliooza niliona mvulana na babu yake kwenye mtumbwi wa plastiki wakivua. Babu alitupungia mkono, tukampungia.

Jumatatu, Charleston

Kati ya Georgetown na Charleston kuna nyika ya majani ya chumvi pande zote, mashua za kuvua kamba za McClellanville, pomboo, na harufu ya tope la hori. Harufu hiyo niliizoea Tanga, nikaivuta kwa nguvu.

Tuliingia bandari ya Charleston mchana. Fort Sumter iko mlangoni, upande wa kushoto wetu. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, Robert Smalls, mtumwa wa miaka 23 aliyekuwa akishika usukani wa meli ya mvuke Planter, aliiondoa gatini wakati maofisa weupe wamelala mjini. Alichukua mkewe, watoto na jamaa za wenzake gati jingine, watu 16 kwa jumla. Alivaa kofia ya majani ya nahodha, akasimama kama nahodha anavyosimama, akapiga honi ya ishara sahihi mbele ya kila ngome, na walinzi wa Sumter wakamruhusu. Alipofika mbali na mizinga yao, akapandisha shuka jeupe na kuikabidhi meli kwa manowari za Muungano, yaani upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Alijua mafungu, ishara na mikondo ya bandari hii kuliko waliodai kuimiliki.

Shemeji alizungusha mashua mbele ya ngome, akapiga honi yetu ndogo mara moja.

Jumatano, Coosaw

Elliott Cut, baada tu ya Charleston, ni kipenyo chembamba ambacho mkondo wake unaweza kuishinda mashine ndogo, kwa hiyo tulisubiri maji yasimame. Halafu Stono, Wadmalaw, Edisto, Ashepoo, mto kwa mto, na tofauti ya maji kujaa na kupwa sasa ni futi 7 na zaidi. Nanga inatiwa kwa hesabu ya maji ya juu.

Leo mchana tumepita mdomo wa Mto Combahee. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 1863, Harriet Tubman, mwanamke aliyekuwa ametoroka utumwani, alipanda mto huu na meli za Muungano na askari weusi, zikiongozwa na marubani weusi waliojua mabomu yametegwa wapi majini. Zaidi ya watu 700 walikimbia kutoka mashamba ya mpunga hadi kwenye meli, wakiwa na watoto, kuku na masufuria, wakatoka huru kabla jua halijawa kali. Mto ukiutazama leo una majani tu na ndege. Hatukutia nanga, maji yalikuwa yakitaka kutugeuka, lakini nilisimama omoni mpaka mdomo ulipojificha.

Alhamisi, Beaufort

Daraja la Lady's Island limefunguka, tukafunga kamba kabla ya adhuhuri. Jina ni moja na Beaufort ya kaskazini, lakini matamshi ni mbalimbali, na wenyeji wanakurekebisha haraka.

Shangazi wa shemeji alikuwa ametusubiri gatini tangu asubuhi. Akanikumbatia kwa jina la dada yangu, kisha kwa langu. Tulipita Prince Street, ambako Smalls alizaliwa mwaka 1839 nyuma ya nyumba ya bwana, na ambako baadaye aliinunua nyumba hiyo hiyo akaishi humo, akawa mbunge huko Washington. Kaburi lake liko Tabernacle Baptist, katikati ya mji, na sanamu yake inatazama barabara.

Kisha St. Helena, nyumbani. Meza ilikuwa na wali mwekundu, bamia, kamba na chaza waliookwa chini ya gunia lililoloweshwa. Jirani ni Penn Center, zamani shule, iliyoanzishwa 1862 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, na shangazi alisoma hapo. Aliniuliza mpunga wa kwetu unalimwa wapi, nani anaupura, na wanawake wanaupepeta kwa kitu gani. Nilipomweleza ungo, aliingia chumbani akarudi na wa kwao, wa nyasi, wa mviringo, umesukwa na mama yake. Akatoa na kimia cha kuvulia cha marehemu mumewe, alichokifuma mwenyewe, risasi za kukizamisha zote bado zipo. Kesho maji yanapwa saa tatu, na wajukuu wameshaambiwa wanipeleke horini.